Kuchagua Njia ya Kukimbia na Kuendesha Baiskeli: Mfano wa Katoro

Mlaji hununua sukari, hununua saruji, hununua pia raba na baiskeli. Bidhaa hizi mbili za mwisho zina jambo la pekee: usalama wake hautegemei ubora wa kiwandani tu, bali pia mahali zitakapotumiwa. Baiskeli nzuri katika njia mbaya humwumiza mwenyewe. Kwa sababu hiyo, katika somo hili tunaanza na njia, kisha tutaingia dukani.

Shirika la Afya Duniani linapendekeza kwamba mtu mzima afanye mazoezi ya kiasi cha wastani kwa dakika 150 hadi 300 kila wiki. Kwa mkazi wa Katoro kiasi hicho kinawezekana bila kulipa ada popote, kwa kuwa nyuma ya barabara kuu kuna mitaa ya makazi iliyotulia ambamo magari hupita kwa nadra. Usukuma, tena, hauhitaji kufundishwa baiskeli. Ndiyo iliyobeba maji, mkaa, samaki na abiria kwa miaka mingi, na Shinyanga hadi leo haioni ajabu kumkuta abiria ameketi juu ya kiti cha nyuma.

Jambo la kwanza ni saa. Saa za Afrika Mashariki hufuata mstari wa nyuzi 45 mashariki, ilhali Katoro ipo karibu na nyuzi 32. Tofauti hiyo huchelewesha jua kwa zaidi ya dakika 50 likilinganishwa na saa ya ukutani. Matokeo yake, jua huchomoza takriban kati ya saa 12 na nusu na saa 1 asubuhi, kutegemea mwezi. Kwa wastani ni karibu nusu saa baada ya Dar es Salaam. Anayesoma ushauri wa Dar es Salaam wa kukimbia saa 11 na nusu alfajiri, akaufuata Katoro, anakimbia katika giza totoro. Tunashauri asubiri hadi aweze kuona vizuri ardhi iliyo hatua 20 mbele yake.

Ushauri huu si wa kuogopa wezi pekee. Katoro imo katika ukanda wa dhahabu, na uchimbaji mdogo huacha mashimo. Duara lililoachwa bila kufukiwa wala kuzungushiwa uzio halionekani kwa mtu anayekuja kwa kasi, hasa baada ya mvua za masika, nyasi zinapolifunika mdomo. Kingo zake nazo hulegea kwa maji, zikaporomoka kabla mtu hajafika ukingoni. Kwa hiyo njia ya mkato inayopita porini kati ya makazi na machimbo, hata ikiwa fupi na yenye kivuli, haifai kwa mazoezi. Mkimbiaji mgeni asiifuate kwa kuwa tu ameona alama za matairi. Mwenye kuzichora anaijua kila hatua yake. Mtoto aliyepewa baiskeli aonyeshwe kwa mguu, mchana, mpaka asiouvuka.

Hatari ya pili ya ukanda huu haionekani kabisa. Pale dhahabu inapochomwa ili kutenganishwa na zebaki, mvuke wa zebaki huingia hewani, na kuuvuta hudhuru ubongo na figo. Mtu aliyetulia huvuta takriban lita 6 hadi 8 za hewa kwa dakika. Anayekimbia kwa kasi ya kawaida anaweza kuvuta lita 40 na zaidi. Maana yake ni kwamba hewa ambayo mpita njia huionja kidogo, mkimbiaji huinywa kwa ndoo. Ondoa katika njia yako kila mahali panapochomwa dhahabu, pamoja na karasha zinazotimua vumbi la mawe na malundo ya marudio. Maji yaliyotuama karibu na sehemu za uchenjuaji yasioshewe uso wala baiskeli. Kitambaa puani hupunguza vumbi jekundu la kiangazi, lakini hakizuii mvuke wa zebaki, na muuzaji anayekuambia kinyume anakupotosha.

Barabara kuu itokayo Geita kuelekea Buseresere na Chato ni laini, nayo huwavutia waendesha baiskeli. Lakini inapitisha mabasi na malori ya masafa marefu. Hata gari linalotii kikomo cha kilomita 50 kwa saa katika eneo la makazi husafiri karibu mita 14 kwa sekunde moja, yaani dereva akizubaa kwa sekunde mbili amekwisha pita urefu wa mita 28. Tunaona ni bora kuivuka tu, mahali pamoja palipo wazi, na kubaki katika mitaa. Ikilazimu kuifuata, mkimbiaji akae kulia ili ayaone magari yanayomjia. Mwendesha baiskeli akae kushoto pamoja na mwelekeo wa magari. Watu wengi huchanganya kanuni hizi mbili. Vifaa vya kusikilizia muziki vibaki nyumbani, maana bodaboda husikika kabla ya kuonekana.

Njia iliyochaguliwa ipitiwe kwanza kwa miguu, mchana. Angalia makorongo, mbwa wasiofungwa, na mahali pa kupata maji safi ya kunywa. Ipitie tena siku ya mnada, kwani mtaa uliokuwa kimya jana unaweza kujaa mifugo na mikokoteni. Mzunguko mfupi wa kilomita mbili unaorudiwa ni salama kuliko safari ndefu ya kwenda na kurudi: ukipata pancha au kuumia mguu, hauko mbali na nyumbani.

Sasa dukani. Kabla ya kulipia baiskeli, mpya au iliyotumika, inua gurudumu la mbele ulizungushe; likiyumba, rimu imepinda. Kamata breki zote mbili kisha usukume baiskeli kwa nguvu: gurudumu lisizunguke. Tikisa pedeli kwa upande. Mcheko wake unaonyesha gololi zimekwisha. Chunguza maungio ya fremu, kwani rangi mpya sehemu moja tu mara nyingi huficha ufa uliochomelewa. Taa, kengele na kiakisi mwanga cha nyuma visichukuliwe kuwa mapambo. Kwa raba za mtumba, bonyeza soli kwa kidole gumba: iliyokauka haitabonyea, na haitakulinda goti, hata kama sehemu ya juu inang'aa. Soli iliyolika upande mmoja tu itakulazimisha kukanyaga kama mwenyewe wa kwanza alivyokanyaga.

Dai risiti, na uhakikishe imeandika bidhaa yenyewe. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza mwenendo wa kuwapotosha walaji, lakini lalamiko lisilo na risiti ni gumu kulithibitisha. Bidhaa bandia hushughulikiwa na Tume ya Ushindani. Mashaka juu ya ubora na viwango hupelekwa Shirika la Viwango Tanzania. Shimo katika barabara ya mtaa liko chini ya TARURA, na la barabara kuu ni la TANROADS. Duara lililoachwa wazi karibu na makazi liarifiwe siku hiyo hiyo kwa mwenyekiti wa eneo, na kwa maandishi kwa Afisa Madini Mkazi, ukitaja alama ya karibu inayoonekana, kama vile shule, kisima au mti mkubwa. Wakati wa kusubiri hatua zao, waombe majirani waweke matawi yenye miiba kuzunguka mahali hapo, kwa umbali wa kutosha kutoka ukingoni ili asiporomoke anayeyaweka.

Weka nakala ya barua.