Hoteli Mpya Mtaani: Maswali Ambayo Wakazi Huuliza

Mkutano wa wakazi huanza na mambo ya kila siku. Taa tatu za barabarani hazijawaka tangu mvua kubwa, mtaro wa karibu na duka umejaa takataka, na watoto wanaovuka kwenda shule wanahitaji matuta. Watu wanapiga miayo. Kisha mwenyekiti anafika kwenye "mengineyo" na kutaja kwamba nyumba ile ya kona imechukuliwa na mtu anayetaka kufungua hoteli. Miayo inakwisha papo hapo.

Miji ya Kenya inakua kwa kugeuza nyumba za kuishi kuwa mahali pa biashara. Kilimani imeyaona haya, Buruburu, South B na Lang'ata pia. Maswali yanayoulizwa mikutanoni yanafanana sana, na majibu yake mengi yamo katika sheria. Tatizo ni kwamba wakazi huyajua wakati tayari muziki unapigwa.

Chama chetu kikikataa, hoteli haitafunguliwa?

La. Chama cha wakazi ni umoja wa hiari; hakitoi leseni wala hakifungi biashara ya mtu. Barua ya chama inayosema "tumeridhia" si kibali, na ile inayosema "tumekataa" si amri. Matumizi ya ardhi na leseni huamuliwa na serikali ya kaunti.

Hata hivyo chama si bure. Katiba ya 2010 inataja ushirikishwaji wa wananchi katika Kifungu cha 10 miongoni mwa maadili ya kitaifa, na Kifungu cha 196 kinalitaka bunge la kaunti liwashirikishe wananchi katika kazi zake. Afisa anaweza kuliweka pembeni lalamiko la mtu mmoja. Muhtasari wa mkutano wenye tarehe, majina na saini za nyumba nyingi ni mzito zaidi kuuweka pembeni, kwa sababu unaweza kufika mahakamani. Kwa hiyo andikeni kila mnachoamua, hata kama mkutano umefanyika chini ya mti.

Mpangaji ana haki ya kusema?

Anayo. Sheria ya vileo inampa kila mtu nafasi ya kuweka pingamizi, wala haimtaki alete hati ya ploti. Anayekosa usingizi ni anayelala pale, awe analipa kodi ya nyumba au anaipokea.

Hiyo hoteli ni hoteli ya namna gani?

Swali hili lingefaa kuwa la kwanza, na mara nyingi haliulizwi kabisa. Kwetu neno "hoteli" limebeba mengi: kibanda cha chapati na maharagwe, mkahawa wa kahawa na keki, mahali pa nyama choma na bia, hata jengo la ghorofa lenye vyumba vya kulala wageni. Mwombaji akisema "hoteli ya familia", kila mmoja ukumbini anachora picha yake. Wanaounga mkono wanaona sahani ya pilau Jumapili mchana. Wanaopinga wanaona spika mbili ndefu na magari yaliyoegeshwa mpaka langoni kwao. Wanaweza kubishana saa mbili nzima juu ya hoteli mbili tofauti.

Ombeni karatasi. Nyumba ya kuishi inahitaji kwanza kibali cha kubadilisha matumizi ya ardhi. Baadaye kuna kibali cha biashara cha kaunti, ukaguzi wa afya wa jengo, na vyeti vya uchunguzi wa kiafya kwa kila anayeshika chakula, ambavyo hurudiwa kila baada ya miezi sita. Pombe ikiwemo, kuna leseni yake peke yake, nayo ina aina zake. Leseni ya mkahawa unaouza kinywaji pamoja na mlo si leseni ya baa, na leseni ya baa si ya kilabu cha usiku. Tafuteni katika karatasi aina ya leseni inayoombwa, saa za kazi, idadi ya viti na mahali pa kuegesha magari.

Nalisisitiza hili kwa sababu ugomvi huu huanza polepole. Mkahawa hufunguliwa kwa chakula, kisha ikaja bia kwa wanaokula, kisha runinga kubwa ya mpira, kisha muziki wa Ijumaa. Hakuna siku hata moja ambayo jirani angesema "leo wamefungua baa". Aliyehifadhi nakala ya ombi la kwanza ndiye atakayeweza kuonyesha kwamba kinachofanyika sasa sicho kilichoombwa.

Mkinyimwa nakala, Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016 inawapa njia: ombi la maandishi kwa ofisi husika, ambayo inapaswa kulifanyia uamuzi ndani ya siku 21.

Tuna muda gani wa kusema?

Mfupi kuliko mnavyodhani. Sheria ya mipango na matumizi ya ardhi ya 2019 inamtaka mwombaji autangazie umma mradi wake. Tangazo hilo linaweza kuwa karatasi iliyobandikwa langoni, ambayo mvua moja inatosha kuifuta. Kifungu cha 58 kina jambo ambalo kila chama cha wakazi kinapaswa kulijua: mwombaji asipojibiwa kwa maandishi ndani ya siku 60, kibali huhesabiwa kuwa kimetolewa. Ofisi ikinyamaza, imeruhusu. Uamuzi ukishatolewa, mwenye malalamiko ana siku 14 za kukata rufaa kwenye kamati ya kaunti inayoshughulikia mizozo ya mipango, na baada ya hapo kuna Mahakama ya Mazingira na Ardhi.

Chama kinachokutana kila robo mwaka kinaweza kulala kikaamka siku hizo zote zimepita. Teueni wakazi wawili ambao kazi yao ni kusoma matangazo ya magazetini na ya malangoni, na kuitisha mkutano wa dharura inapobidi.

Kwa pombe, Sheria ya Kudhibiti Vileo ya 2010, ambayo wengi huiita Sheria ya Mututho, inaruhusu mtu yeyote kuweka pingamizi kwa maandishi. Hapa wakazi wengi hujikwaa. Huiandikia kamati ya leseni wakaona wamemaliza, ilhali sheria inataka mwombaji naye apewe taarifa ya pingamizi hilo angalau siku 7 kabla ya kikao. Pingamizi zuri linaweza kuanguka kwa kosa hilo dogo. Sheria hiyohiyo inataka mahali panapoombewa leseni mpya ya kuuza pombe pawe mbali na shule za chekechea, msingi na sekondari kwa mita 300 au zaidi. Msikadirie kwa macho. Nendeni mkapime, kisha mwandike kipimo katika barua. Kaunti nazo zimetunga sheria zao, ile ya Nairobi ikiwa ya 2014, kwa hiyo someni ya kaunti yenu kabla ya kuandika.

Tuandike nini katika barua?

"Hatutaki hoteli" ni hisia, nayo haimpi afisa kitu cha kushika. Andikeni madhara yanayoweza kupimwa.

Chukueni kelele. Kanuni za kelele za 2009 zinaweka kikomo cha desibeli 50 mchana nje ya nyumba katika maeneo ya makazi, na 35 usiku. Tena usiku wa kanuni hizo huanza saa mbili, si saa tano baa inapotakiwa kufungwa. Desibeli 35 ni karibu na mnong'ono. Mkahawa wa uani wenye muziki wa wazi hauwezi kutimiza hilo, na mwenye nao anapaswa kuulizwa mapema ataketisha wateja wapi, na kuta zitakuwa za nini.

Kisha maji taka, ambayo hayatajwi sana ingawa ndiyo huwaumiza majirani kwa miaka. Mabomba ya mtaa yaliwekwa kwa hesabu ya familia moja kwa kila ploti. Jiko la hoteli humwaga mafuta ya kukaangia na ya sufuria zinazooshwa kutwa. Mafuta huingia bombani yakiwa moto na mepesi, hupoa njiani, huganda ukutani mwa bomba na kunasa kila kinachopita. Siku bomba linapoziba, maji machafu hayarudi hotelini. Huibukia kwenye uwanja wa aliye chini ya mteremko. Dawa inajulikana: tangi dogo la kunasia mafuta kabla hayajafika kwenye bomba la umma, linalosafishwa kwa ratiba. Ombeni liwe sharti la kibali, lionekane kwenye michoro.

Moshi wa jiko, maegesho na takataka viandikwe vivyo hivyo, kila kimoja na suluhisho lake. Kwa maoni yangu, mkahawa wa chakula wenye masharti yaliyoandikwa unaufaa mtaa. Vijana watapata kazi, na aliyechoka atakula jirani bila kupanda matatu. Baa iliyo ubavuni mwa shule ipingwe moja kwa moja, bila kutafuta masharti.

Mwenye hoteli ameahidi kutuwekea taa na kukarabati barabara. Tukubali?

Ahadi hii huja mapema, huja na tabasamu, na huugawa mtaa kuliko hoteli yenyewe. Wanaoishi mbali na ploti ya kona wanapata taa. Wanaopakana nayo wanapata moshi. Wakipiga kura kwa wingi, wengi watashinda, na wachache watabaki na mzigo wote.

Ushauri wangu ni kuvitenganisha. Barua yenu kuhusu hoteli izungumzie hoteli tu: kelele, maji, magari, saa. Anayetaka kuusaidia mtaa asaidie baada ya uamuzi, mbele ya mkutano, fedha ziingie kwenye akaunti ya chama na risiti itolewe. Asiyekubali utaratibu huo alikuwa akinunua saini zenu. Kiongozi wa chama akipokea chochote kwa siri, hata awe mtu mpole namna gani, chama kitakuwa kimepoteza sauti yake katika kila ofisi kitakapobisha hodi.

Basi taa na mtaro tutazipata wapi?

Kwenye bajeti ya kaunti, ambayo ina kalenda yake. Mpango wa maendeleo wa mwaka hufikishwa katika bunge la kaunti kufikia tarehe 1 Septemba. Waraka wa mkakati wa fedha hufuata kufikia 28 Februari, na makadirio ya bajeti kufikia 30 Aprili, ili mwaka wa fedha uanze 1 Julai. Mkazi anayemwendea mwakilishi wadi mwezi wa Juni akiomba taa amefika wakati fedha zimeshagawanywa. Taa ya mwaka ujao huombwa mwezi wa Julai na Agosti, kwa barua inayotaja barabara, idadi ya nguzo na picha za mahali penyewe.

Kabla ya kuomba matuta, ulizeni barabara ni ya nani. Nyingine ziko chini ya kaunti, nyingine chini ya Mamlaka ya Barabara za Mijini, KURA, na barua iliyopelekwa kwa asiyehusika hupotea. Msijijengee matuta wenyewe usiku kwa usiku. Tuta lisilo na alama limewaangusha waendesha bodaboda wengi, na gari la wagonjwa nalo hupita hapohapo.

Mtaro, kwa upande wake, unaweza kuzibuliwa na wakazi Jumamosi moja kwa majembe na toroli, mkiwa mmekubaliana kwanza nani atabeba takataka. Haungoji Septemba.

Leo ukirudi nyumbani, pitia ile ploti ya kona. Ukikuta tangazo langoni, lipige picha tarehe yake ikionekana, kisha umtumie mwenyekiti na katibu. Huenda siku sitini zimeshaanza kuhesabiwa.