Somo: Mwasho wa Ngozi na Virusi vya UKIMWI

Katika pwani yetu ya Tanga, mtu awashwaye mwili siku nyingi mara nyingine husemwa kuwa amerogwa, au kwamba siri yake imefichuka. Yote mawili ni kukisia. Basi, tujifunze mambo yenyewe.

Kwanza, upele. Huletwa na mdudu mdogo sana achimbaye ngozi. Huwasha zaidi usiku, hasa katikati ya vidole na kiunoni. Humpata mtu ye yote, awe na virusi au asiwe navyo. Wakaao nyumba moja wote wapakwe dawa siku moja, na nguo na mashuka yafuliwe kwa maji ya moto. Akiachwa mmoja, upele hurudi.

Pili, vipele vigumu vya mikono na miguu, ambavyo kwa wenye virusi huweza kudumu miezi mingi na kuacha madoa meusi. Huko Uganda madaktari walichunguza ngozi za wagonjwa 102, wakatangaza mwaka 2004 kwamba 86 kati yao walikuwa na alama kama za kuumwa na wadudu. Kinga ikiharibika, mwili huweza kushindana na sumu ya mdudu kupita kiasi. Chandarua husaidia, lakini dawa iliyo kubwa ni ile ifubazayo virusi. Kinga ikirudi, vipele hupungua, ingawa ni kwa miezi, si kwa siku.

Tatu, dawa nazo huweza kutoa vipele, hasa majuma ya kwanza. Vikija pamoja na homa, malengelenge, vidonda vya kinywa au macho mekundu, mgonjwa apelekwe hospitali siku ile ile, wala asingoje shauri la jirani.

Kuoga maji ya mwarobaini hakupimi damu, wala jicho halipimi. Kipimo kipo hospitalini, kama vile Bombo mjini Tanga. Na tangu mwaka 2004 serikali ya Tanzania imekuwa ikitoa dawa za kufubaza virusi bila malipo. Tena virusi havipiti kwa kushikana mkono wala kwa kula sahani moja.

Wazee husema, mficha maradhi kilio humwumbua. Ni kweli, lakini mara nyingi amfanyaye mgonjwa afiche ni jirani mwenye maneno.

Maswali: 1. Kwa nini upele hutibiwa nyumba nzima? 2. Ni dalili zipi zisizongoja kesho? 3. Mgonjwa wa ngozi akija kwetu, atasikia neno gani la kwanza?