Baiskeli, michango na saratani: daktari anajibu

Daktari wa saratani anawajibu wasomaji walioko Massachusetts wanaojiandaa kwa msafara wa baiskeli wa Pan-Mass Challenge, Agosti.

Barua kadhaa zinauliza jambo moja: fedha tunazochangisha si zinaliwa na waandaaji?

Hapana. Kila dola anayochangisha mwendeshaji huenda Dana-Farber, kituo cha saratani cha Boston. Gharama za msafara hulipwa na ada za usajili na wafadhili. Billy Starr aliuanzisha mwaka 1980 na waendesha baiskeli 36, wakapata dola 10,200. Leo jumla imepita dola bilioni 1. Lakini kuuliza ni haki yenu. Mwandaaji yeyote asiyeweza kueleza fedha zinakwenda wapi, msimpe hata senti.

Nisipofikisha kiasi nilichoahidi?

Kinachobaki kitakatwa kwenye kadi yako ya benki. Soma masharti kabla ya kujisajili.

Dawa ya saratani ipo, makampuni yameificha. Utafiti wa nini tena?

Uvumi huu unaua watu. Saratani si ugonjwa mmoja hata iwe na dawa moja ya kufichwa. Ya damu haitibiwi kama ya titi, na hata za titi zinatofautiana. Mwishoni mwa 1947, Boston hiyohiyo, Sidney Farber alianza kuwapa watoto wenye saratani ya damu dawa ya aminopterini, inayozuia seli zisigawanyike. Kati ya watoto 16, 10 walipata nafuu, kisha ugonjwa ukarudi. Watafiti hawakukata tamaa: waliongeza dawa ya pili, ya tatu, wakapima dozi mwaka hadi mwaka. Leo, panapo matibabu kamili, wengi wa watoto wenye aina iliyo ya kawaida zaidi hupona. Kazi hiyo ndiyo mnayoichangia. Anayewauzia chupa ya majani na kuwaambia muache mionzi anawaibia fedha, na anawaibia muda: uvimbe uliokuwa wa kukatwa tu unafika hospitali umeshaenea mwilini.

Kiti cha baiskeli huleta saratani ya tezi dume?

Hilo halijathibitika. Ila kama una miadi ya kipimo cha damu cha PSA, usipande baiskeli siku mbili kabla. Safari ndefu inaweza kupandisha majibu.

Nimegusa kivimbe kwenye titi. Nimalize msafara kwanza?

Hapana. Piga simu kliniki leo.