Kupanda na Kushuka: Kutoka Kona ya Musa hadi Nyika ya Taru

Ziko nchi ambako msafiri hununua tiketi moja ya basi lenye kiongozi, akashuka katika mji anaoutaka, akalala hapo siku mbili, kisha akapanda basi jingine la kampuni ileile bila kulipa tena. Afrika Kusini, Baz Bus lilifanya kazi hiyo ya kupandisha na kushusha kwa miaka mingi kati ya Cape Town na Johannesburg. Kwetu Kwale hakuna kampuni ya namna hiyo. Kuna matatu, na kwa anayejua kuzitumia, hufanya kazi ileile kwa bei nafuu: unapanda ulipo, unashuka unapotaka, na kwenye barabara kuu gari la nyuma halikawii. Kinachokosekana ni kiongozi tu, na huyo humkuti ndani ya gari. Unamkuta pale unaposhuka.

Safari ninayoipendekeza hapa inaanzia Kona ya Musa, upande wa Ukunda, inaelekea kusini kufuata bahari, inarudi na kupanda hadi mji wa Kwale, halafu inateremka upande wa pili wa vilima hadi nyikani. Wageni wengi wanaokuja Diani kwa likizo hawajui kwamba kaunti hii ina jangwa lake, na wenyeji wengi tunalijua kwa kulipita tu, tukiwa tumelala kwenye basi la Nairobi. Vilima vya Shimba ndivyo vinavyokata nchi mapande mawili. Upepo wa baharini unapovigonga, mvua humwagika upande huu wetu wa minazi, miembe na mikorosho. Upande wa Kinango, Samburu na Taru hubaki na makombo. Kwa hiyo mtu anaweza kunywa chai na mahamri akiiona bahari, na kabla ya jua kuchwa akawa kwenye ardhi nyekundu yenye miiba na mibuyu, bila kuvuka mpaka wa kaunti.

Kwanza, matatu yenyewe

Ukishika upande wa kusini utapata magari ya Msambweni na Lunga Lunga. Upande wa kaskazini, ya Kombani na Likoni. Sema unakoshuka kabla hujakaa, na taja nauli kabla gari halijaondoka. Sitaandika nauli hapa kwa sababu hupanda na kushuka na bei ya mafuta, na pia siku za sikukuu. Uliza abiria mwenzako, hasa mama aliyebeba kikapu: yeye hulipa nauli halisi kila siku.

Jambo moja humsumbua mgeni kuliko yote, nalo ni kuuzwa. Gari likibaki na abiria wachache, kondakta huwahamishia gari jingine na kumlipa mwenzake kwa ajili yao. Si kosa la kukutia hofu, ila hakikisha unamwona akimlipa, au akitamka mbele yenu nyote kwamba huyu ameshalipa. Asipofanya hivyo, utadaiwa mara ya pili. Ukilipa kwa simu, ujumbe ndio risiti yako. Piga picha namba ya gari na jina la sako lililoandikwa ubavuni, kwani malalamiko yasiyo na namba hayafiki popote.

Kwa msafiri wa kupanda na kushuka, mzigo mkubwa ni adui. Begi la kupakatwa linatosha. Sanduku litalipiwa kiti, au litapandishwa juu, na kila kituo utaanza mazungumzo upya.

Vituo vya pwani

Diani yenyewe haipo kwenye barabara kuu. Unashuka Ukunda, unachukua tuktuk au matatu ya barabara ya ufuoni. Inua macho uzione ngazi za kamba zilizofungwa juu ya lami: ni za mbega na kima, wavuke bila kugongwa na magari. Shirika la kuhifadhi mbega la Diani lilianza mwaka 1997 kwa sababu wanyama hao walikuwa wakifa barabarani kila uchao, na lina watu wanaotembeza wageni msituni. Upande wa kaskazini, mto Mwachema unapoingia baharini, upo Msikiti wa Kongo, wa karne nyingi, ambao bado unasaliwa. Vaa nguo za heshima, na usiingie na kamera wakati wa sala.

Kusini zaidi ni Kaya Kinondo, msitu mtakatifu wa Wadigo, mojawapo ya makaya ya Mijikenda yaliyoingizwa katika Urithi wa Dunia wa UNESCO mwaka 2008. Hapa kiongozi ni lazima, na ni mtu wa kijiji. Utafungwa kitambaa cheusi kiunoni, utaambiwa uvue kofia, na hutaruhusiwa kutoka na hata jani. Ukipata nafasi ya kituo kimoja tu upande huu, chagua hiki. Ufuo mweupe upo kwingi duniani. Msitu ambao wazee wameulinda kwa mwiko peke yake, bila uzio wala bunduki, ni nadra.

Ukirudi barabara kuu, kituo kinachofuata ni Gazi. Shuka njiapanda, bodaboda itakufikisha kijijini. Gazi ndiko alikokaa Mbaruk bin Rashid wa ukoo wa Mazrui, aliyewapiga vita Waingereza mwaka 1895 na 1896. Siku hizi kijiji kinajulikana kwa mikoko. Mradi wa Mikoko Pamoja, wa Gazi na Makongeni, huuza hewa ya ukaa inayohifadhiwa na msitu huo tangu 2013, na mapato huingia kwenye maji, shule na afya ya kijiji. Akina mama wamejenga njia ya mbao katikati ya mikoko na wanatoza kiingilio kidogo. Wao ndio viongozi, na wanaijua mikoko kwa majina yake.

Msambweni ni mahali pa kupata benki, dawa na hospitali kubwa ya rufaa ya kaunti. Ramisi unaipita. Kanana ndipo njia ya Shimoni inapochepuka, na hapo magari ni machache, kwa hiyo fika kabla ya saa sita mchana. Shimoni pana mapango ambamo, kama wazee wanavyosimulia, watumwa walifungiwa wakisubiri majahazi, na kijiji hutoza kiingilio. Mashua huondoka hapo kwenda kisiwa cha Wasini na hifadhi ya bahari ya Kisite-Mpunguti. Ada ya hifadhi hulipwa kwa eCitizen na si kwa fedha taslimu, basi hakikisha simu ina chaji na salio. Wasini hakuna barabara ya magari, na bustani ya matumbawe ya akina mama wa huko hutembelewa kwa njia ya mbao. Uliza maji yanakupwa saa ngapi, maana bamvua hubadilisha kila kitu. Angalia na majira pia: kuanzia Juni hadi Agosti kusi huvuma kwa nguvu, na mashua ndogo huwatapisha hata mabaharia.

Anayetaka kuendelea hadi Tanga atafika Lunga Lunga na kuvuka Horohoro, ambako maafisa wa nchi zote mbili hukaa kituo kimoja. Beba pasipoti au hati ya muda ya kusafiria. Kitambulisho cha taifa peke yake hakikutoshi upande wa Tanzania. Cheti cha chanjo ya homa ya manjano kiwe mfukoni.

Kuvuka vilima

Siku ya nyika anza alfajiri. Panda gari la Likoni, shuka Kombani, chukua la Kwale. Barabara inapanda kwa ghafla na joto linapungua. Kwale ni mahali pa kujaza maji na kununua chakula cha mchana.

Lango la Hifadhi ya Shimba Hills liko kilomita chache tu kutoka mjini, nayo ndiyo makao ya palahala wa mwisho nchini Kenya. Lakini nasema wazi: kwa asiye na gari, hiki si kituo cha kushukia. Ndani huruhusiwi kutembea peke yako, na matatu haziingii. Kusanyikeni wanne au watano mkodishe gari Kwale, au muiache kwa siku nyingine. Mkienda, ombeni askari wa KWS, shirika la wanyamapori la taifa, awasindikize hadi maporomoko ya Sheldrick, yenye kimo cha mita 21 hivi.

Kutoka Kwale magari ya Kinango hupita karibu na Mwaluganje, ardhi ambayo wakulima waliacha kuilima miaka ya tisini ili tembo wapite, wakawa wanagawana mapato ya utalii. Tembo walipozidi Shimba, KWS ilihamisha wapatao 150 mwaka 2005 hadi Tsavo Mashariki. Nasi tunaelekea upande huohuo, ila tutaishia nyika ya Taru.

Kinango ndipo mpango wako unapopimwa. Hadi hapo magari ni ya kawaida. Kutoka Kinango hadi Samburu, kwenye barabara ya Nairobi, magari ni ya kusubiri, na mvua ikinyesha waulize madereva kabla hujatoa pesa. Samburu hii ni mji wa Waduruma, usiichanganye na kaunti ya Samburu ya kaskazini. Ukifika Samburu umeshatoka kwenye shida: lami kuu, mabasi na matatu za Mariakani, Voi na Mombasa mchana kutwa.

Taru iko mbele kidogo. Ramani za kale ziliandika Jangwa la Taru, ila usitarajie matuta ya mchanga. Ni bahari ya vichaka vya miiba, vya kijivu wakati wa kiangazi, vinavyogeuka kijani kwa wiki moja mvua ikishuka. Misafara ya pembe za ndovu iliiogopa kuliko milima. Maji yalikuwa kwenye ngurunga, mashimo ya mwambani yanayohifadhi mvua, na yakikauka wapagazi walikufa njiani. Reli ya Uganda ilipoanza kujengwa Mombasa mwaka 1896, wajenzi waliofika hapa walinywa maji yaliyoletwa na treni kutoka pwani.

Mackinnon Road, mji ambao Kwale na Taita Taveta zimekuwa zikiugombania, ulipewa jina la William Mackinnon, mwenye kampuni iliyoanza kufungua barabara ya magari ya ng'ombe kutoka Mombasa mwaka 1890. Shuka hapa. Kando ya reli ya zamani pana msikiti na kaburi la Seyyid Baghali Shah, mjenzi wa reli kutoka Punjab ambaye watu humwita Pir Padree. Madereva wengi, Waislamu na wasio Waislamu, husimama kuomba dua kabla ya kuendelea. Baada ya vita vya pili vya dunia Waingereza walitaka kuujenga mji huu uwe ghala kuu la jeshi, wakautelekeza mwaka 1950, na miaka michache baadaye wakawafungia humo washukiwa wa Mau Mau. Hakuna kiongozi rasmi. Mzee wa msikiti au mwenye kibanda cha chai atakueleza zaidi ya bango lolote. Mnunulie chai, na kama umemchukua nusu saa, mwachie kitu.

Usitembee vichakani baada ya saa kumi na moja jioni. Tembo wa Tsavo hufika hadi mashambani.

Kuna njia ya kurudi isiyojulikana na wengi. Treni ya kaunti kwa kaunti ya reli mpya, tofauti na ile ya moja kwa moja, husimama Mariakani, Miasenyi, Voi na kwingineko kati ya Mombasa na Nairobi. Ukilala Voi, ambako gesti ni nyingi, unaweza kuteremka nayo hadi kituo kikuu cha Miritini huku ukiitazama nyika kwa dirisha pana. Tiketi hununuliwa mapema kwa simu kupitia *639#, na kitambulisho kinahitajika. Miritini, uliza gari linalopita Dongo Kundu na kutokea Kibundani. Ukilipata hutaiona foleni ya feri. Usipolipata, nenda Likoni, ambako anayevuka kwa miguu halipi chochote.

Kuhusu viongozi wa kulipwa kwingineko: dai kuona kitambulisho cha mamlaka ya utalii au cha kikundi cha kijiji, na patana bei kabla ya hatua ya kwanza. Anayekataa kutaja bei kwa kusema mtaelewana baadaye, muage kwa adabu. Mpe pesa yule ambaye kikundi chake kinakata risiti.

Beba lita tatu za maji kwa kila mtu ukienda upande wa Taru, kofia, na pesa ndogondogo za chenji, maana vibanda vya nyikani havina. Na ukijikuta Kinango imeshapita saa nane mchana bila gari la Samburu, usikubali kupakiwa juu ya lori la makaa. Panda la kurudi Kwale ulale, uanze tena saa kumi na mbili asubuhi.