Watu Wangapi Wanatosha kwa Meli Moja?

Kila aliyeshuka bandarini Kalundu amewaona wabeba mizigo. Siku meli inafika wanaitwa kwa haraka. Siku ziwa ni tupu wanakaa tu, wakingoja. Leo tuangalie hesabu ya jambo hili.

Tuseme meli imeleta tani 500 za simenti. Mfuko ni kilo 50, basi ni mifuko 10,000. Kama mtu mmoja anashusha mifuko 100 kwa siku (ni mfano tu, anayebisha akajaribu), watu 50 watamaliza kwa siku mbili, watu 20 kwa siku tano. Siku tatu za zaidi meli imefungwa bure na mabaharia wanataka mshahara. Haya, mukiandika watu 50 kwa mwezi mzima, na meli inakuja mara mbili tu? Watafanya kazi siku nne. Nani atalipa siku 26? Ndiyo sababu wenye mizigo wanapenda kazi ya kutwa: hasara ya kungoja inabaki kwa mbeba mzigo na watoto wake.

Zamani haikuwa hivyo kabisa. Mbele ya reli ya Dar es Salaam kufika Kigoma, mwaka 1914, mizigo ya pwani ilifika Ujiji mabegani mwa watu, zaidi ya kilometa 1,000, kila mtu na kilo 30 hivi. Wengi walikuwa Wanyamwezi, na Wanyamwezi walikuwa na mashamba. Mvua zikikaribia walitaka kuwa kwao kulima, na tajiri aliyechelewa alikosa watu. Ilimpasa kupanga safari kwa kufuata jembe lao! Mtu mwenye shamba anaweza kukataa. Mwenye njaa ya leo hawezi.

Kuna upungufu mwingine, wa mafundi. Meli Liemba, iliyoitwa kwanza Graf von Goetzen, ilitoka Ujerumani vipandevipande katika masanduku 5,000. Wa kubeba walikuwa wengi. Lakini kiwanda cha Papenburg kilituma mafundi watatu tu wa kuongoza kazi ya kuiunga, nayo ikaingia majini Kigoma mwaka 1915. Mbeba mzigo anapatikana asubuhi ile ile. Fundi wa motere lazima aanze kufundishwa miaka mingi mbele ya meli kumhitaji.

Zoezi: Simenti haishushwi mvuani. Mvua imenyesha siku moja nzima. Hesabuni upya kwa watu 50 na kwa watu 20, kisha andikeni nani amelipa siku ile.