Kabla ya Kuivuta Jeli: Mbinu za Kunyoosha Fibroblasti Maabara

Ukitaka kujua mvutano unazifanya nini fibroblasti, usianze kwa kutafuta mashine ya kunyooshea. Anza kwa kukubali kwamba seli hizi, zinazotengeneza kolajeni ya ngozi na kano zetu, huvuta zenyewe. Mwaka 1979 Eugene Bell na wenzake wa MIT walizichanganya na jeli ya kolajeni; ndani ya saa 24 seli ziliweza kuikaza jeli mpaka eneo lake likabaki sehemu moja tu ya 28 ya lile la mwanzo. Mwaka 1980 Albert Harris na wenzake waliziweka juu ya utando mwembamba wa silikoni, zikautia makunyanzi yanayoonekana kwa hadubini. Kwa hiyo kila jaribio la kunyoosha ni kamba inayovutwa pande mbili: upande mmoja uko wewe, upande wa pili iko seli.

Sisi wenye ngozi nyeusi jambo hili linatuhusu sana. Keloidi, yaani makovu yanayoota kupita kiasi, hutupata zaidi kuliko watu wengine, na hupenda kuota kifuani na mabegani, mahali ambapo ngozi huvutwa kila tunapojigeuza. Kovu la moto linalokunja kiwiko cha mtoto nalo ni kazi ya fibroblasti zilizogeuka kuwa myofibroblasti, aina yenye nguvu kubwa zaidi ya kuvuta. Kijana anayeingia maabara kulisoma hili anastahili kuonyeshwa njia iliyonyooka.

Jaribio la kwanza halihitaji mota wala kompyuta. Tengeneza jeli zinazofanana ndani ya sahani ya vishimo 24. Nusu ziache zimeshika ukuta wa kishimo. Nusu zizungushie ncha safi ya pipeti pembezoni mpaka zielee. Jeli iliyoshika ina mvutano, inayoelea haina. Zipige picha kila siku ukiwa umeweka rula kando, upime vipenyo. Kwenye jeli iliyoshika seli hurefuka na kujenga nyuzi nene za aktini. Kwenye inayoelea hubaki na matawi membamba na kupunguza kazi ya kutengeneza kolajeni. Mtu ambaye hajaiona tofauti hii kwa macho yake, naona bado ni mapema kumkabidhi mashine.

Kolajeni ndiyo inayoharibu kazi za wengi, kwa hiyo hapa usiwe na haraka. Ile ya mkia wa panya huja ndani ya asidi. Iweke kwenye barafu, pamoja na pipeti na mirija yote, kwa sababu ukishaipunguzia asidi huanza kuganda mara inapopata joto. Ongeza bafa yenye rangi ya kuonyesha asidi, kisha hidroksidi ya sodiamu tone kwa tone huku ukitazama rangi: njano maana yake asidi bado ni nyingi, zambarau maana yake umezidisha. Unatafuta pH ya 7.2 hadi 7.4. Seli zitie mwisho kabisa, kati ya 100,000 na 500,000 kwa mililita, ukichanganya taratibu ili usitie viputo. Kila kiputo ni tundu, na jeli huchanika kuanzia kwenye tundu. Kolajeni ya miligramu 1 hadi 2 kwa mililita inatosha. Iache kwenye nyuzi 37 kwa muda wa nusu saa hadi saa nzima, bila kuitikisa.

Angalia pia seli zako zimetoka wapi. Plastiki ya kisahani ni ngumu mara maelfu kuliko ngozi, na fibroblasti iliyokaa juu yake wiki nyingi huwa imeshaanza kugeuka kuwa myofibroblasti kabla hujaigusa. Tumia zile ambazo hazijahamishwa visahani mara nyingi, na uandike zimehamishwa mara ngapi. Vishimo vitatu vya seli za mtu mmoja vinabaki kuwa mtu mmoja. Ukitaka kusema neno juu ya ngozi ya binadamu, tafuta seli za watu kadhaa.

Sasa mashine. Wengi huanza na mnyoosho wa asilimia 5 hadi 10, mara moja kwa sekunde au polepole zaidi. Lakini namba uliyoiandika kwenye programu si lazima iwe ndiyo inayoifikia seli. Tia vidoa vya wino au unga wa mkaa uliotakaswa juu ya jeli, upige picha kabla ya kuvuta na wakati imevutwa. Umbali kati ya vidoa uliokuwa milimita 10 ukifika 10.6, umenyoosha asilimia 6, hata kama mashine inasema 10. Pima katikati na pembeni pia, kwa sababu utando wa duara ambao baadhi ya mashine huuvuta mara nyingi haunyooki sawa kila mahali.

Mwelekeo nao una mtego. Juu ya utando unaovutwa na kuachiwa mara kwa mara, fibroblasti hujipanga kukingama na njia ya mvuto. Ndani ya jeli iliyoshikwa ncha mbili, hulala kufuata mstari wa mvuto. Usiyachanganye matokeo ya aina hizi mbili kana kwamba ni kitu kimoja.

Weka jeli za kulinganishia: moja imeshikwa ila haivutwi, nyingine inaelea, na ya tatu haivutwi ila maji yake ya chakula yanatikiswa kama ya ile inayovutwa. Bila hiyo ya tatu hutajua kama seli imejibu mnyoosho au mtiririko wa maji. Unapotafuta myofibroblasti, kuiona alfa-aktini ya misuli laini ndani ya seli hakutoshi. Hesabu zile tu ambazo protini hiyo imejipanga kwenye nyuzi nene.

Siku ya kumaliza, mimina fomaldehaidi ya asilimia 4 jeli ikiwa bado imeshikwa kwenye ncha zake, chini ya kabati la kufyonza mvuke. Ukiiachia kwanza, seli hujikunja ndani ya dakika chache, na utakachopiga picha ni seli zilizokwisha kuachiliwa.