Maswali ya Kuuliza Kabla ya Kuchagua Programu ya Kuacha Sigara

Programu za kuwasaidia vijana kuacha sigara ni nyingi, na kila moja hujisifu. Mzazi au mwalimu anayezichunguza azipime kwa maswali haya.

1. Waliofaulu wamehesabiwaje? Tuseme vijana 20 wamejiandikisha, 15 wakakacha njiani, kisha wanne kati ya watano waliobaki wakaacha sigara. Mwendeshaji atatamba kuwa amefaulu kwa asilimia 80, kumbe ni 20. Dai hesabu ya wote walioanza, tena ya miezi sita au zaidi. Wiki moja bila sigara haijathibitisha kitu.

2. Wasiopewa programu waliacha wangapi? Mwaka 2019 taasisi ya Truth Initiative ya Marekani ilianzisha This is Quitting, inayowatumia ujumbe mfupi wa simu vijana wanaotaka kuachana na sigara za kielektroniki. Utafiti uliochapishwa mwaka 2021 ulihusisha vijana 2,588 wa miaka 18 hadi 24. Baada ya miezi saba, asilimia 24.1 ya waliopewa programu walikuwa wameacha, dhidi ya 18.6 ya wenzao wasioipata. Faida yake basi ni asilimia tano na ushee. Si kubwa, lakini ni ya kweli, na ujumbe wa simu hauna gharama kubwa.

3. Imetungwa kwa ajili ya vijana? Programu ya N-O-T ya American Lung Association, shirika la afya ya mapafu la Marekani, ni ya vijana wa miaka 14 hadi 19, hufanywa kwa vikundi katika vikao 10, na mtu huingia kwa hiari. Anayevuta Ijumaa akiwa na wenzake hana shida sawa na mzee anayemaliza pakiti kwa siku. Muulize mwendeshaji: kijana anafundishwa aseme nini rafiki akimnyooshea sigara? Akikuonyesha picha za mapafu meusi tu, endelea kutafuta.

4. Siri inatunzwa? Kijana aliyeburutwa, au anayehofia jina lake kufika kwa mwalimu mkuu, ataitikia "ndiyo" darasani kisha akavute nyuma ya choo.

5. Kuna dawa? Plasta na chingamu za nikotini huwasaidia watu wazima, lakini ushahidi wake kwa walio chini ya miaka 18 ni mdogo. Asipewe bila ushauri wa daktari.

6. Akirudia je? Wengi hujaribu mara kadhaa kabla ya kuacha kabisa. Programu nzuri humpangia tarehe nyingine, haimfukuzi.

Kwa walio Kenya, pa kuanzia ni NACADA, mamlaka ya taifa ya kupambana na pombe na dawa za kulevya; kupiga namba yake 1192 ni bure. Popote ulipo, programu isiyotaka kukuonyesha hesabu zake, achana nayo.